Taa Moja, Programu Lukuki

Kila anayeanza elektroniki huanzia palepale: taa ya LED iwake, izime, iwake tena. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya IC ya 555, chipu ndogo ya kupima muda ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, pamoja na rezista mbili tatu, kapasita na betri. Taa ikigoma unashika multimita, unapima mguu kwa mguu hadi umkamate mchawi. Leo taa ileile inawashwa na ESP32, kompyuta ndogo ndani ya chipu yenye prosesa ya megahezi 240, na chini ya mistari yako michache kuna FreeRTOS, mfumo endeshi mdogo unaoendesha mambo ambayo hukuyaomba.

Sina ugomvi na ESP32, naitumia mwenyewe. Ninachokipinga ni mazoea ya kujengea kila kitu juu ya maktaba za watu, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, bila kujua ndani mna nini. Mwaka 2024, toleo la 3.0 la programu za Arduino (jukwaa la kuandikia msimbo wa chipu) kwa ajili ya ESP32 liliondoa ledcSetup na ledcAttachPin, amri zilizozoeleka kurekebisha mwanga wa LED, likaleta ledcAttach. Ukisasisha, mradi uliokuwa mzima jana unakataliwa na kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya chipu. Waya hazijaguswa, risasi ya kuunganishia imeshika vizuri, ila msimbo haupiti. Na miongozo kibao bado inafundisha amri za zamani, basi anayejifunza anadhani kosa ni lake. (Siku hizi naandika namba ya toleo la kila maktaba juu kabisa ya msimbo. Inasaidia.)

Afadhali kosa hilo, maana linapiga kelele. Mengine hunyamaza. Kihesabu cha millis(), kinachohesabu milisekunde tangu chipu iwashwe, kina biti 32, kwa hiyo hurudi sifuri baada ya siku 49 na ushee. Ukilinganisha nyakati vibaya, pampu inayozimwa kwa kihesabu hicho inafaulu majaribio yote mezani, halafu wiki ya nane inakataa kuzima.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Chochote kinachopasha joto au kusukuma maji kiwe na njia ya kukatwa isiyotegemea programu hata kidogo: fyuzi ya joto kwenye hita, swichi ya boya kwenye tangi. Wapo watakaosema kipima-muda cha ulinzi kilicho ndani ya chipu kinatosha. Kitaiwasha upya prosesa iliyoganda, sawa, lakini hakiwezi kubandua kontakti za relei (swichi inayoendeshwa na umeme) zilizoshikana kwa moto.