Umri wa mtoto uhesabiwe siku ya kuomba, sio siku ya kujibiwa

Kwenye hizi viza za watoto kuwafuata wazazi kinachoniudhi sio ada wala rundo la fomu, ni umri. Mzazi anapeleka maombi mtoto ana miaka 17, faili linakaa huko likizungushwa meza hadi meza, siku linafunguliwa kijana ana ndevu, anaambiwa wewe sio mtoto tena. Sasa nani kamzeesha?

Na mtu asituambie haiwezekani kufanya vingine. Canada umri unafungwa siku maombi yanapopokelewa yakiwa kamili, na kikomo ni chini ya miaka 22 tangu Oktoba 2017 (2014 walikuwa wamekishusha hadi chini ya 19, wakaona wamekosea), mtoto awe hajaoa wala kuolewa. Uingereza nao wanaangalia tarehe ya kuomba, awe chini ya 18.

Marekani ndo kuna hesabu za ajabu. Kikomo ni 21, na mwaka 2002 walipitisha sheria ya kuwalinda watoto wanaozeekea kwenye foleni. Mzazi akiwa raia, umri unaganda siku fomu inapoingia, kwisha. Ila mzazi akiwa mkazi wa kudumu tu, inasubiriwa viza ipatikane, wanachukua umri wa mtoto wakati huo halafu wanatoa ule muda ombi lilikaa kabla ya kuidhinishwa. Tuseme viza imepatikana kijana ana 22 na ombi lilikaa miaka 2, anahesabiwa ana 20, kapona, mradi aanze kuifuatilia ndani ya mwaka mmoja. Ukisikia haraka haraka utasema haki imetendeka, lakini ile miaka ya kusubiri zamu baada ya kuidhinishwa haitolewi hata siku moja, na mara nyingi foleni yenyewe ndo hiyo! Yani ofisi ikichapa kazi ikaidhinisha ndani ya miezi michache, mtoto ndo anaumia, maana cha kutoa kinakuwa kidogo. Mimi hapo wamenishinda.

Halafu hapohapo Marekani kuna ndoa. Mtoto wa mkazi wa kudumu akioa au kuolewa kabla hajapata viza, ombi limekufa, na hata mzazi akija kuwa raia baadaye inabidi aanze upya. Wale wa kukimbiza harusi kwa sababu ukumbi umeshalipiwa, haya.

Jambo lingine ambalo watu wanalichukulia poa ni kuficha mtoto. Unajaza fomu yako mwenyewe ya kwanza, unaona ukimtaja yule uliyezaa nje utaleta maswali nyumbani, unamruka. Canada hilo linakurudia vibaya, mtoto ambaye hukumtaja na hakukaguliwa wakati unaingia, kwa kanuni ya kawaida huwezi kumdhamini tena, ingawa tangu 2019 wamelegeza kidogo kwa baadhi. Mtaje tu, hata kama haendi na wewe. Ugomvi wa nyumbani unasuluhishika.

Uingereza wana lao pia. Tarehe 11 Machi 2024 walimkataza anayeomba upya viza ya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa kwenda na mtoto wala mwenza, yani ukalee wa wenzako, wako abaki, na Julai 2025 wakaifunga kabisa viza hiyo kwa waombaji wapya walio nje ya nchi. Na hata kwenye njia zinazoruhusu, mzazi mmoja akiwa huko na mwenzake kabaki, kwa kawaida inabidi uthibitishe kwamba wajibu wa kumlea mtoto ni wako peke yako. Hapa wengi wanaanguka kwa sababu wanatuma stakabadhi za hela tu, wakati ofisa anataka kujua nani anaamua, nani kachagua shule, nani anapigiwa simu mtoto akiumwa, nani karuhusu apasuliwe. Bibi akiandika barua ya mapenzi kabisa kwamba "mjukuu wangu mimi ndiye ninayemfanyia kila kitu", ameshawapa sababu ya kukataa, maskini, na alidhani anasaidia. Kwa hiyo ongea na mwalimu mwenyewe, meseji usifute, ripoti ya shule itumwe kwako, na fomu ya hospitali ikihitaji ruhusa itoe wewe kwa maandishi, hata kama aliyekaa kwenye benchi na mtoto usiku kucha ni bibi.