Daktari wa kwenye simu anasaidia, ila haoni sweta

Huku Dodoma siku hizi ukisema tu unaumwa lazima atokee mtu akwambie mpigie daktari wa kwenye simu, foleni ya nini. Sipingi, ila nina mama mdogo yuko Chemba, presha ya miaka mingi, na kwake nimeona raha na karaha zote.

Zamani ilikuwa adamke alfajiri awahi basi, afike mjini akae benchi mpaka mchana, aonwe dakika 5 aambiwe endelea na dawa zilezile mama, arudi usiku nauli imeisha. Sasa anapima nyumbani, mdogo wangu anapiga picha ile namba anamrushia daktari WhatsApp, jibu linarudi. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake unajulikana na dawa anazo hapo simu imeshinda, wala tusibishane.

Ila Julai, na ule upepo wetu wa baridi, ikaja 168/104. Daktari akaanza kuongelea kuongeza dozi. Mdogo wangu akawasha video ndo tunaona mama kavaa sweta zito, mkanda wa mashine umefungwa juu ya sweta, na ndo kwanza katoka kuchota maji. Akavua, akatulia kama dakika 10, ikasoma 142/88. Daktari simlaumu, alipewa namba tu, ila nesi wa zahanati angeliona hilo sweta kabla hata hajashika mashine.

Sasa njoo kwenye homa. Dodoma malaria si nyingi kama Kigoma au Geita, kwahiyo ukimwandikia mtu dawa mseto kisa kasema kichwa kinauma na mwili una joto unabahatisha, inaweza ikawa UTI, inaweza ikawa nimonia, na kipimo kinataka tone la damu kidoleni. Au vikope, hii trakoma iliyosumbua sana watu wa Kongwa: lazima mtu ageuze kope la juu aangalie ndani, picha ya jicho jekundu haikwambii kitu.

Na simu yenyewe ya nani? Wengi vijijini wana kitochi, yenye video ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke anatokwa damu isiyo ya kawaida, aelezee kwa lausipika mume na wakwe wamekaa hapohapo? Atasema tumbo linauma basi.

Mimi ningeiweka hiyo simu zahanati kuliko mfukoni kwa mgonjwa. Tabibu ana mikono, ana kipimo, ameshamgusa mtu, akikwama anampigia bingwa wa hospitali kubwa mjini na wanaongea lugha moja. Bando lilipwe na serikali lakini, maana najua itaishia kwenye mshahara wa tabibu.

Mama mdogo mjini bado anaenda, kila baada ya miezi kadhaa, kupima figo.