Ganda la kidonge linamlinda nani?

Ukifungua kapsuli ya omeprazoli utaona punje ndogo, na kila punje ina ganda lake. Si pambo hilo. Kwenye kimiminika chenye pH (kipimo cha asidi: namba ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) chini ya 4, nusu ya dawa hii huharibika kabla ya dakika 10 kwisha, na tumbo tupu huwa na pH kati ya 1 na 3. Ikimezwa bila kinga, nyingi huishia humo kabla ya kufika kwenye utumbo mdogo, inakofyonzwa. Kichekesho ni kwamba kazi yake yenyewe ni kupunguza asidi hiyohiyo.

Ganda hutengenezwa kwa polima zinazostahimili asidi, lakini huyeyuka pH inapofika 5.5 au zaidi. Maabara hulijaribu kwa kuloweka dawa kwenye asidi kwa saa 2, kisha kuihamishia kwenye pH 6.8. Kwa omeprazoli sioni hoja nzito ya kulipinga. Wapo waliochanganya dawa hii na sodiamu baikaboneti, inayopoza asidi, badala ya kuifunika, na inafanya kazi, ila mgonjwa hubebeshwa sodiamu nyingi asiyoihitaji.

Aspirini ni habari nyingine kabisa. Hapa anayelindwa ni tumbo, na dawa ndiyo mshukiwa. Wanaolitetea ganda wana ushahidi wao: wagonjwa wakipimwa kwa kamera, michubuko midogo ya tumbo hupungua. Lakini aspirini hudhuru hata ikiwa tayari kwenye damu, kwa kuzima prostaglandini, kemikali za mwili zinazolinda ukuta wa tumbo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 katika jarida la The Lancet ulikuta hatari ya kuvuja damu nyingi karibu ileile, kuwe na ganda au kusiwe. Mwaka 2013, watafiti waliopima watu 400 wenye afya walionyesha kuwa kilichodhaniwa ni usugu dhidi ya aspirini, yaani mwili kutoitikia dawa, kilitokana na ganda kuchelewesha na kupunguza ufyonzwaji. Kwangu mimi, hiyo ni bei kubwa kwa michubuko midogo.

Umbo nalo lina uzito wake. Kidonge kizima chenye ganda husubiri tumbo limalize kusaga chakula, pengine kwa saa kadhaa. Punje ndogo hupita pamoja na chakula. Kwa hiyo kufungua kapsuli ya punje mara nyingi si kosa, kosa ni kuzisaga au kuzitafuna. Kwa aspirini mambo hugeuka: anayeshukiwa kuwa na shambulio la moyo akiambiwa ameze aspirini, huelekezwa aitafune, hasa kama ni ile yenye ganda.