Chungu kilizaliwa mara ngapi?

Wengi wetu shuleni tulipangiwa mambo hivi: mtu akaanza kulima, akatulia kijijini, akapata nafaka ya kupika, ndipo akafinyanga chungu. Hadithi hii inakwama palepale ilipoanzia, Mashariki ya Kati. Kathleen Kenyon alipochimba Yeriko kati ya 1952 na 1958 alikuta matabaka ya watu waliokuwa wakulima, waliojenga ukuta na mnara wa mawe, lakini vyungu hawana. Matabaka hayo mpaka leo huitwa ya "kabla ya ufinyanzi". Vyungu vilienea huko karibu na 7000 KK, watu wakiwa wameshalima zaidi ya miaka elfu moja.

Asia ya mashariki ni kinyume chake. Katika pango la Xianrendong, jimbo la Jiangxi nchini China, vigae, yaani vipande vya vyungu vilivyovunjika, vilivyotangazwa mwaka 2012 vilipewa umri wa miaka 20,000 hivi. Dunia ilikuwa katikati ya zama za barafu, na shamba lilikuwa bado halijasikika popote. Wapo wanaoutilia shaka umri huo, kwa kuwa kilichopimwa ni mifupa na mkaa wa tabaka lile, si vigae vyenyewe, na udongo wa pangoni huchanganyika. Sawa. Lakini hata ukiiweka Xianrendong kando, unabaki na Odai Yamamoto, kaskazini mwa Japani, yenye miaka kama 16,000. Hao nao hawakuwa na jembe. Walikuwa wawindaji na wavuvi.

Kwa hiyo suala la jembe kwangu limekwisha. Ubishi uliobaki ni mtamu zaidi: je, chungu kilibuniwa mahali pamoja kikasafiri, au kila jamii ilijifinyangia chake ilipokihitaji?

Wanaosema kilizaliwa zaidi ya mara moja wana hoja nzito kutoka Afrika. Huko Ounjougou, kwenye nchi ya Wadogon nchini Mali, timu ya Eric Huysecom ilipata vigae vya kabla ya 9400 KK. Hakuna mlolongo wa vyungu unaoiunganisha Mali na China. Mashariki ya Kati, ambako ungetarajia njia ipite, hapakuwa na chungu kwa miaka mingine elfu mbili na zaidi. Huko Mali mvua zilikuwa zimerudi, nyasi mwitu zimejaa mbegu, na mbegu hizo bila kuchemshwa hazimfai mtu sana. Vigae vya Takarkori na Uan Afuda nchini Libya, vya kati ya 8200 na 6400 KK, vilipopimwa mafuta yaliyonyonywa na udongo, vilionyesha kuwa mimea ndiyo iliyopikwa humo kwa wingi, hata ile ya majini. Kule Japani, ukoko uliong'ang'ania kwenye vyungu vya kale vya Jomon, utamaduni wa wawindaji na wavuvi wa huko, ulionyesha zaidi samaki. Njaa tofauti, na chombo ni kilekile.

Tena kuchoma udongo hakukuwa siri. Dolní Věstonice, katika Jamhuri ya Czech ya leo, wawindaji walichoma visanamu vya udongo zaidi ya miaka 25,000 iliyopita, kikiwemo cha mwanamke, na hawakuwa na chungu. Mtu akipika mahali pamoja siku nyingi, ataona mwenyewe udongo wa chini ya mafiga ukigeuka tofali. Kujua walijua, haja ndiyo iliyokuwa haijaja. Randi Haaland, mwanaakiolojia wa Norway aliyefanya kazi Sudan, ameeleza tofauti ya Afrika na Mashariki ya Kati kwa mapishi: huku chungu na uji, kule tanuri na mkate. Anayeoka mkate anaweza kungoja. Anayekoroga uji, bila chungu hana pa kuukorogea. Naipenda hoja hii, ingawa mla ugali si hakimu mwadilifu katika kesi hii.

Kambi ya pili nayo si ya kupuuzwa. Utafiti mkubwa uliotolewa mwishoni mwa 2022 ulichunguza vyungu zaidi ya 1,200 kutoka maeneo 156 ya wawindaji wa Ulaya ya mashariki na kaskazini. Ufinyanzi unaonekana ukitokea upande wa Bahari ya Kaspi karibu na 5900 KK, kisha unasonga kwenda magharibi kwa kasi, jirani akimfunza jirani, na mapishi yakifuatana na chungu. Kama kila kijiji kingekuwa kinajibunia chake, tarehe zingetawanyika ovyo. Hazikutawanyika, zilikwenda kama wimbi.

Kwa Afrika kambi hii huanzia Khartoum. Katikati ya miaka ya 1940, A. J. Arkell alichimba kwenye eneo la hospitali mjini humo akapata vigae vyenye mistari ya mawimbi, ambayo alidhani ilichorwa kwa mwiba wa samaki wa jamii ya kambare. Mawimbi hayo, na mengine ya nukta nukta, yameonekana kuanzia Sahara mpaka Ziwa Turkana. Mwaka 1974 mwanaakiolojia John Sutton aliyachukua pamoja na vyusa vya mifupa akasema palikuwa na utamaduni mmoja mpana wa watu wa maziwa na mito.

Hapa ndipo wanaponipoteza. Mtazame mfinyanzi kazini. Anakanda bonge la udongo, analichimba kwa ngumi, anavuta kuta kwenda juu huku akilizunguka yeye mwenyewe. Mwingine husokota udongo kama kamba akaupanga duru juu ya duru. Kisha hukwangua kwa kipande cha kibuyu. Hayo amefundishwa na mama au shangazi tangu utotoni, na mkono ukishayazoea hauyaachi. Mapambo huja mwishoni, na chungu kikifika sokoni yeyote anayaona na kesho yake anayaiga. Olivier Gosselain, aliyewachunguza wafinyanzi wa Kameruni, alikuta jambo hilohilo: namna ya kuumba hufuata ukoo na lugha, mapambo hupita mipaka kirahisi. Mfinyanzi hulia gaeni, na mwanaakiolojia naye hulia humohumo. Bahati mbaya, wachimbaji wengi wa zamani walithamini vigae vyenye mapambo na kuvipita vile vitupu.

Kwa hiyo mawimbi ya Khartoum yananithibitishia kwamba watu walionana. Kwamba walikuwa wamoja, hapana. Msimamo wangu ni huu: Afrika haikukopa chungu Asia, lakini ndani ya Afrika sioni sababu ya kila ziwa kujibunia chake.

Kesi iliyo karibu nasi ni ya vigae vya Kansyore, vilivyopewa jina la kisiwa cha mto Kagera. Wavuvi na wawindaji wa pande za Ziwa Victoria walivitumia kuanzia miaka 8,000 hivi iliyopita, ng'ombe wakiwa bado hawajafika, na katika maeneo kama Siror na Luanda magharibi mwa Kenya vimekutwa pamoja na mabaki ya samaki. Wengine hutazama mapambo yake na kusema yalishuka kutoka kaskazini. Huenda ni kweli. Ila ningekuwa navyo mezani, kitu cha kwanza ningevigeuza, nitazame upande wa ndani na pale vilipovunjika, maana hapo ndipo huonekana kama ukuta ulivutwa kwa ngumi au ulipangwa kwa misokoto.