Shoo yako ya kwanza ya roki, ziba masikio

Kila bendi kubwa ya roki inapotangaza ziara, mashabiki wanaokwenda kuiona kwa mara ya kwanza hupewa ushauri uleule mitandaoni: wahi mapema, jipenyeze mpaka kwenye uzio wa mbele, na usizibe masikio, maana anayeziba hakuja kusikia roki. Hili la masikio linanikasirisha. Anayedanganywa ni mtu aliyeipenda bendi miaka na miaka, akajibana hadi akapata tiketi, na anastahili kurudi nyumbani na masikio aliyokwenda nayo.

Tazameni hesabu. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, inaweka ukomo wa desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, na ukifika 100 umebakiwa na robo saa. Shoo za roki huchezea kati ya 100 na 110, kwa saa mbili hivi, na hapo bendi ya utangulizi hujaihesabu. Mwenye masikio wazi humaliza posho yake ya kelele ya siku nzima ndani ya nyimbo tatu nne.

Sawa, kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi wa kila siku, na shoo moja si lazima imwache mtu kiziwi. Lakini zile seli zenye vinywele vidogo ndani ya sikio zikifa hazioti tena, na hakuna ajuaye mapema ni usiku upi mlio wa masikioni utaanza na usikome. Wanamuziki wenyewe wameyalipia haya. Pete Townshend wa The Who, bendi iliyopimwa desibeli 126 umbali wa mita 32 pale Charlton, London, mwaka 1976, amezungumza kwa miaka mingi juu ya masikio yake yaliyoharibika. Brian Johnson wa AC/DC aliambiwa na madaktari mwaka 2016 aache ziara mara moja au awe kiziwi kabisa, na Axl Rose, mwimbaji wa Guns N' Roses, ndiye aliyeimalizia ziara hiyo.

Vizibo vya sponji ni vya bei ndogo, na vinatosha. Shida ni kwamba wengi huvichomeka nusu, kisha wanalalamika kwamba havifanyi kazi. Nawa mikono. Kisokote kizibo kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, uvute sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, kisukume ndani, halafu kishikilie kwa kidole nusu dakika hivi kitanuke. Mwambie mwenzako akutazame usoni: akiona ncha imechomoza, hakijaingia. Au funika masikio kwa viganja. Kelele ikipungua sana, kizibo kinavuja. Pamba na karatasi ya chooni hazikingi kitu cha maana.

Sponji ina kasoro yake: hukata sauti nyembamba kuliko nzito, hivyo matoazi na maneno ya mwimbaji hufifia huku besi ikibaki. Ndiyo sababu nasema nunua vya silikoni vyenye kichujio, vinavyoshusha sauti zote karibu kwa usawa. Gitaa linabaki gitaa. Ukiimba nawe, sauti yako itavuma kichwani, ni kawaida. Vivae kabla ya bendi ya utangulizi, na usivichomoe ili kuongea. Mtoto avalishwe vile vikubwa vya kufunika sikio lote.

Kuhusu uzio wa mbele: mkienda kwa ajili ya kuwaona, haya. Lakini spika kuu zimening'inizwa juu na kulenga mbali, huku zile za besi zikiwa chini, mbele ya kifua chako. Mara nyingi mwimbaji husikika vizuri zaidi karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa anachanganya sauti kwa masikio yake akiwa palepale. Kwenye jukwaa la katikati ya uwanja, kama lile la ziara ya Metallica iliyoanza 2023, kanuni hiyo haina nguvu. Tafuta tu nafasi iliyo mbali na spika.

Ufaransa imeweka kisheria wastani wa desibeli 102 kwa dakika 15, na kumbi zinalazimika kugawa vizibo bure. Kila nchi ingefanya hivyo. Mpaka hapo, beba vyako, pea mbili, kwa sababu kimoja kikidondoka gizani hukioni tena.

Baada ya shoo yapumzishe masikio, usiweke hedifoni njiani. Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, muone daktari wa masikio. Sikio moja likipoteza usikivu ghafla, nenda siku hiyohiyo: dawa za kulinusuru hufanya kazi zaidi zikianzwa mapema, na wiki mbili tatu za kusubiri zinaweza kuifunga nafasi hiyo.