Kanuni mpya za Dungeons & Dragons na meza yetu ya Shangani

Tangu kitabu kipya cha wachezaji wa Dungeons & Dragons kilipotoka Septemba 2024, kundi letu la watu sita linalokutana Jumapili jioni hapa Shangani, mjini Mtwara, limekuwa likirudia swali moja: tuhamie kanuni mpya, au tuendelee na zile za 2014 tulizokwisha kuzizoea? Kwa asiyeujua, mchezo huu ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Mmoja husimulia, wengine kila mtu hubeba mhusika wake, na jambo lenye shaka, kama kuruka ukuta au kumchoma jitu mkuki, huamuliwa na dadu la pande 20.

Badiliko lililonigusa zaidi linahusu asili ya wahusika. Katika kanuni za 2014, kuwa wa jamii fulani ya viumbe ndiko kulikompa mhusika nguvu, wepesi au akili za ziada, na mezani kwetu jamii hizo tulikuwa tukiziita makabila, kwa kuwa hilo ndilo neno lililotujia mdomoni. Basi ilitokea kwamba Mmakonde, Mmakua, Mmwera na Myao wameketi kwenye mkeka mmoja, wakiulizana kabila lipi lina akili zaidi. Ulikuwa mchezo tu, na hakuna aliyekasirika, lakini mimi sikuwahi kuyafurahia maneno hayo. Toleo jipya limeacha neno la zamani la Kiingereza, “race”, sasa linazungumzia spishi, na nyongeza hizo zimehamishiwa kwenye maisha aliyoishi mhusika kabla ya safari zake: alikuwa mkulima, mfanyabiashara, mwandishi au baharia. Naona hatua hiyo ni sahihi.

Hata hivyo, wanaoipinga wana hoja nzito, na aliyeitoa kwetu ni dada mmoja ambaye mhusika wake ni mchawi aliyelelewa kwenye mashua. Kwa kanuni mpya, aliyekuwa baharia huongezewa nguvu, wepesi au busara, wala si akili, ambayo ndiyo silaha ya mchawi. Kwa maneno mengine, mtoto wa mvuvi akitaka kuwa msomi, kanuni inamwanzisha nyuma ya mtoto wa mwandishi. Alisema kwamba tumeondoa ubaguzi wa kabila tukauweka wa kazi ya baba. Ni kweli kwamba kitabu cha msimulizi kilichofuata Novemba kinaruhusu kutunga maisha ya awali mapya, na sisi tungeweza kutunga ya mvuvi mwenye akili. Lakini ruhusa iliyo katika kitabu cha pili haimfikii kwa urahisi mgeni aliyenacho cha kwanza tu.

Jambo la pili ni silaha. Zamani mpiganaji alikuwa akisema tu, “Nampiga,” huku mchawi akichagua miongoni mwa maajabu kadhaa. Sasa kila aina ya silaha ina ustadi wake: fimbo, kwa mfano, ikimpata adui, adui hulazimika kujaribu kujizuia asianguke chini. Mpiganaji amepata la kufikiri, nami nafurahi kwa ajili yake. Lakini dadu la pande 20 si kitu unachokiokota dukani Mtwara. Sisi hutumia vikaratasi 20 vilivyoandikwa namba, ndani ya kikombe cha bati; mtu huvuta kimoja, husoma, hukirudisha, kisha kikombe hutikiswa. Pigo lililohitaji kura moja sasa linahitaji mbili, na mpiganaji aliyefika ngazi ya tano hupiga mara mbili kwa zamu moja. Jumapili moja tulijaribu, na pambano dogo na majambazi wanne lilitufikisha adhana ya Isha bila kwisha. Wapo wanaosema tutumie simu. Inawezekana, ila kile kimya cha watu wakisubiri karatasi ikunjuliwe ni sehemu ya mchezo wenyewe, nami nisingependa kukipoteza.

Kuhusu gharama sina mengi: kitabu kimoja kinauzwa karibu dola 50 huko Marekani, kabla ya usafiri, na toleo kamili lina vitabu vitatu.

Lililo kubwa kuliko bei ni haki ya kutumia kanuni. Mwanzoni mwa 2023, kampuni ya Wizards of the Coast, wachapishaji wa mchezo huu, ilipotaka kubana leseni yake inayowaruhusu wengine kutumia kanuni hizo, wapenzi wa mchezo walipinga hadi ikarudi nyuma, na kanuni za msingi za toleo la 2014 zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons. Aprili 2025 za toleo jipya nazo zikafanyiwa hivyo. Maana yake ni kwamba yeyote anaweza kuzitafsiri kwa Kiswahili na kuzigawa, mradi ataje zilikotoka. Wanaotetea toleo jipya hupenda kuitumia hoja hii, nami nawakumbusha kwamba inatetea matoleo yote mawili. Tofauti ni kwamba hati mpya ya kanuni hizo za msingi ina aina nne za maisha ya awali, wakati ile ya zamani ina moja tu, na kwa anayeanza, nne zinamtosha kujiona ndani yake.

Kwa hiyo nimewashauri wenzangu kwamba hadithi tuliyonayo tuimalize kwa kanuni za zamani, naye mchawi wetu wa mashua abaki na akili zake. Inayofuata, tutakayoianza wenzetu wakirudi kutoka kwenye korosho Newala, iwe ya kanuni mpya, kwa Kiswahili. Tafsiri tumekwisha kuianza kwenye daftari. Tumekwama kwenye ile kura ya kukwepa madhara: wawili wanataka iitwe kura ya kujiokoa, mimi nataka iitwe kura ya kunusurika, kwa sababu anayenusurika si lazima awe amejiokoa mwenyewe.