Pointi za kadi na safari ya KIA: zinamfaa nani?

Kila mwaka ikifika Oktoba, ndugu zetu walioko Marekani huanza kuulizana nauli ya Desemba, na siku hizi hakosekani mmoja wa kuwacheka wenzake. Yeye hanunui tiketi, anasema. Anatumia pointi za kadi ya mkopo, analipa kodi za viwanja vya ndege tu, dola mia na kitu, anatua KIA, uwanja wa Kilimanjaro, sawa na waliolipa 1,800. Wanaomsikia huku Moshi na Arusha hugawanyika. Wapo wanaomwona mjanja. Wapo wanaosema hizo ni kamba, hakuna benki duniani inayompandisha mtu ndege bure. Kila upande una hoja yake, ila naona wanabishania pembeni. Pointi zipo na ndege zinapandwa. Cha kuuliza ni kama zinaendana na tarehe ambazo mtu wa huku hulazimika kurudi nyumbani.

Kwanza zinatoka wapi. Mtu akichanja kadi ya mkopo Marekani, mwenye duka hukatwa karibu asilimia 2, wakati mwingine zaidi. Sehemu kubwa huenda kwa benki iliyotoa kadi, na benki humrudishia mteja kidogo kwa njia ya pointi: moja kwa kila dola, mbili au tatu akila mgahawani au akikata tiketi. Ndiyo maana mchezo huu ni wa Marekani hasa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo mwaka 2015, kwamba makato hayo kwenye kadi za mkopo yasizidi asilimia 0.3, kwa hiyo ndugu aliyeko Ujerumani akifuata ushauri wa binamu yake wa Texas atakusanya mpaka azeeke. Sisi wa lipa namba na kadi za kawaida za benki tumebaki watazamaji.

Watazamaji, lakini tunachangia. Ingia ofisi yoyote ya utalii pale Arusha, uliza mteja akitaka kulipia Kilimanjaro kwa kadi inakuwaje. Tuseme safari ni ya dola 2,500. Makato yakiwa asilimia 3, dola 75 zimeondoka kabla mpagazi hajafunga mzigo. Ada ya hifadhi haipungui hata senti: dola 70 kwa siku, kambi dola 50 kwa usiku, na VAT juu yake. Mafuta ya gari na chakula cha siku sita havijui kama mteja amelipa kwa kadi au kwa noti. Kwa hiyo mwenye ofisi ama anamwongezea mteja asilimia hizo, ama anamwomba atume kwa benki, ama anazimeza mwenyewe na kuzitafuta kwingine, na waliowahi kubeba mizigo ya mlimani wanajua huwa zinatafutwa wapi. Mteja naye hataki kutuma kwa benki. Anataka pointi zake, kwani ndizo zitakazomleta Serengeti mwaka kesho.

Huo ndio upande ambao wasifiaji wa pointi hawautaji. Hata hivyo siwezi kumlaumu anayezichukua. Gharama ya kadi imeshaingizwa kwenye bei ya mkate na ya petroli huko aliko. Akilipa taslimu, mkate haumshukii bei, anakuwa tu amewalipia wenzake tiketi.

Sasa faida yenyewe, maana hapa ndipo majigambo yanapozidi. Nono zaidi ni zawadi ya kufungua kadi. Kadi yenye ada ya dola 95 kwa mwaka inaweza kukupa pointi 60,000 ukitumia dola 4,000 au 5,000 ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Dada anayefanya kazi ya uuguzi, akipitishia hapo chakula, mafuta, bima na bili ya simu, anafika bila kununua kitu cha ziada. Kwa matumizi ya kawaida baada ya hapo, pointi 80,000 si ndoto. Anazihamishia kwenye programu ya shirika la ndege, zinakuwa maili: Flying Blue kwa ajili ya KLM inayotua KIA ikitoka Amsterdam, Aeroplan ya Air Canada au maili za United kwa Ethiopian kupitia Addis Ababa na Turkish kupitia Istanbul, Avios kwa Qatar kupitia Doha. Kwa uwanja uliozungukwa na mbuga na ng'ombe, si haba.

Tuseme tiketi ni dola 1,400, naye ameipata kwa maili 80,000 na kodi dola 150. Amekwepa dola 1,250. Lakini zile pointi zilikuwa na thamani hata kabla ya ndege, kwa sababu benki nyingi zingempa senti moja kwa kila pointi, yaani dola 800 mkononi. Kwa hiyo alichopata kwa kuchagua ndege ni dola 450, toa na ada ya kadi. Hiyo inakaribia shilingi milioni moja kwa hela yetu, mtu haitupi. Ila hajasafiri bure. Ametumia dola 800 zake ambazo hakuziona zikipita mkononi.

Na hesabu hiyo inasimama kama analipa deni lote kila mwezi. Riba za kadi Marekani sasa zinapita asilimia 20. Akibeba deni la dola 2,000 mwaka mzima, riba ni kama 400, na faida yote imeishia humo. Sina la kuongeza hapo: mwenye deni la kadi aachane na pointi, anunue tiketi akiwa na fedha.

Turudi kwenye tarehe. Desemba Wachagga wanakwenda kwao kuhesabiwa, utani wa zamani ambao hauna utani ndani yake, kwa kuwa asiyeonekana huulizwa kweli. Mabasi ya Dar yakijaa, LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya magari ya ziada na watu wakafika. Ndege haina gari la ziada. Shirika hutenga viti vichache vya maili za bei ya chini, na huvitenga pale linapoona havitauzika kwa fedha. Wiki mbili kabla ya Krismasi kila kiti kinauzika. Safari iliyokuwa maili 80,000 mwezi Mei inaweza kudai mara mbili au zaidi, au isionekane kabisa. Mei yenyewe ni masika, mlima umejifunika, barabara za Rombo na Kibosho ni tope, na watoto wa Marekani bado wako shule. Viti vya kila tarehe hufunguliwa kama miezi kumi na moja kabla, kwa hiyo mwenye uhakika wa likizo yake anaweza kuwahi tangu Januari. Sijui wauguzi wangapi wanapewa ratiba ya Krismasi mwezi Januari.

Wajanja hupitia Nairobi. Kenya Airways inaruka moja kwa moja kutoka New York tangu Oktoba 2018, mashirika yanayotua huko ni mengi kuliko ya KIA, na viti vya maili navyo hupatikana kirahisi zaidi. Kisha basi dogo la kupitia mpaka wa Namanga hadi Arusha, na Moshi ukipenda. Kijana wa begi moja simkatazi. Mama mwenye watoto wawili na masanduku sita ya zawadi, aliyetoka kukaa angani siku nzima, kumshusha Nairobi ashinde tena barabarani na kupanga foleni mpakani ni kumwonea. Akiwa na pasipoti ya Marekani atalipia na kibali cha kuingia Kenya, viza ya Tanzania dola 100 ikimsubiri mbele.

Kama ningeishia hapo, ningewaunga mkono wanaosema pointi si za watu wetu. Ila kuna safari nyingine ambayo haina msimu. Simu inaingia usiku: mzee amefariki, mwili uko mochwari, ukoo umekaa na kupanga maziko kihambani, kwenye shamba la ukoo, baada ya siku tano ili aliyeko ng'ambo afike. Tiketi ya fedha ya kesho au keshokutwa huwa ya bei ya kuruka, na mtu hukopa kwa kadi hiyohiyo yenye riba ya asilimia 20, huku familia ikimhesabia siku za mochwari. Hapo maili huwa na tabia tofauti. Siku chache kabla ya ndege kuondoka, mashirika mara nyingi hufungulia wenye maili viti vilivyokosa wanunuzi, na baadhi ya programu hutoza kiti cha shirika rafiki kiasi kilekile cha siku zote hata kama bei ya fedha imepanda mara tatu. Pia mwenye pointi anaweza kumkatia mtu mwingine. Kaka mwenye akiba akiwa Houston anamkatia mdogo wake wa Minnesota ambaye hana hata mia.

Ndiyo maana ningemshauri ndugu wa huko afanye kinyume cha anavyofanya. Desemba ainunue kwa fedha, mapema, Februari au Machi. Pointi aziache benki, asizihamishie kwenye shirika lolote mpaka awe ameona kiti kwa macho yake, kwa sababu zikishahamishwa hazirudi, na hajui siku hiyo ndege yenye nafasi itapitia Addis Ababa au Amsterdam. Mashirika hupandisha idadi ya maili bila kuuliza mtu, kwa hiyo akiba hiyo itapungua nguvu kadiri anavyoikalia, na anayepanga kuitunza miaka kumi ajue hivyo. Pointi 80,000 kwa mtu mmoja zinatosha. Zikizidi hapo, atumie tu, hata kwa Zanzibar.